Mlima kwa Kidole Gumba

Kuna bwana wa Florida, jimbo lisilojua mlima, anayekwenda Colorado mwezi Septemba kuwinda elki, kulungu mkubwa wa huko, kwa upinde. Kukodi kiongozi wa msafara hataki. Ati ana simu. Tangu Januari anakesha akikodolea macho picha za setilaiti, akitia kila bonde alama za rangi, na milima anaipanda kwa kidole gumba bila hata kuhema. Kidole hakijui kwamba kwenye mita 3,000 pumzi huuzwa kwa mizani.

Upinde kaununua kwa bei ya pikipiki. Mazoezi? Shabaha ya sponji nyuma ya nyumba, ambayo, kwa hisani yake, haina pua. Elki anayo. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni, jua likipamba moto hupanda, na harufu ya jasho la bwana hutangulia kubisha hodi.

Haya, tuseme kabahatisha. Dume aliyekomaa hufikia kilo 300 na ushei, gari liko mabonde mawili nyuma, na sheria ya Colorado hairuhusu kuacha nyama ioze porini. Hapo ndipo simu itamwarifu, kwa adabu zote, kwamba imebaki chaji asilimia 2.