Mwizi Mwenye Saa

Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamtaka mwizi awe na saa mkononi. Akivunja nyumba ya ajuza na kuingia mchana, kifungo hakizidi miaka 7. Akivunja usiku, 10. Na usiku wenyewe umepimwa: saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kijana mwerevu basi hufika saa kumi na mbili na robo jioni, nyanya akiwa bado anapapasa kutafuta miwani. Achukue redio, hata pesa za wazee za Inua Jamii zilizofundikwa kwenye pindo la leso.  Wizi wenyewe ni kosa jingine: wa ndani ya nyumba unaweza kufika miaka 14, sawa na wa mbuzi. Umri wa nyanya kifungu hakiuulizi.

Hata hizo 7 na 14 ni dari, na dari huguswa na wachache. Hakimu akiona miaka 3 au pungufu inatosha, anaweza kuamuru huduma kwa jamii. Kwa hiyo siku nyanya atakapokwenda kwa chifu kuulizia redio yake, atamkuta kijana uani, fagio mkononi, adabu tele:

“Pita huku, nyanya. Chunga usiteleze.”