Waraka kwa Abti, Kuhusu Firasa ya Barafuni

Kwa Abti, mjomba wangu mpenzi, na kwa jamaa wote wa Modogashe watakaosomewa waraka huu pale njia panda, ambapo barabara itokayo Garissa huachana, moja ikashika Wajir na nyingine Isiolo: sisi huku Ottawa tu wazima wa afya, isipokuwa masikio yangu, ambayo tangu mwezi wa Novemba ninayachukua kwa imani tu, kwa kuwa siyahisi.

Uliniuliza kwenye simu watu wa nchi hii hufanya mnada wa kitu gani ilhali ardhi yote imefunikwa na theluji, nami nimestahabu kukujibu kwa kalamu, kwani jawabu lenyewe ni refu: hufanya mnada wa vijana. Usishtuke, hauzwi mtu. Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Juni, timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, huchagua kwa zamu, duru saba, vijana wapatao 224, walio wengi wao wa miaka 18. Na timu iliyoshindwa vibaya zaidi ndiyo hutangulizwa mbele, baada ya kupigwa kura ya bahati nasibu, kinyume cha soko letu, ambako mwenye shida hufika wakati mbuzi waliobaki ni wale wanaochechemea.

Jirani yangu, mzee mwenye koti zito na maneno machache, ameajiriwa na moja katika timu hizo kuwa msaka vipaji, na usiku mmoja alinichukua hadi uwanja wa TD Place, makao ya vijana wa Ottawa 67's, timu iliyoasisiwa mwaka 1967, Kanada ilipotimiza miaka 100. Hakuwa na haja na wenyeji. Alikwenda kumtazama mshambuliaji mmoja wa wageni, kijana wa miaka 17 mwenye mabega ya mtu mzima na uso ambao wembe haujaujua, naye alimtazama kwa namna ambayo wewe, Abti, peke yako katika ukoo wetu, ungeielewa mara moja.

Kwani kijana alipofunga goli, watu elfu kadhaa wakasimama wakimwagiana kahawa, mzee hakuandika kitu. Lakini alipokipoteza kile kisahani cheusi cha mpira, chenye uzito wa gramu 170, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke, akageuka papo hapo akarudi kuzuia kwa kasi ile ile aliyoendea mbele, kalamu ilikwenda mistari mitatu. Wachezaji hawa hawakai uwanjani hata dakika nzima ila hutoka wakihema na wengine wakaingia. Basi mzee alikuwa akimfuata kwa macho hadi benchini, kuona kama anasikiliza anapokemewa au anatazama paa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemwona babake kijana kule jukwaani, na ni mrefu kiasi gani.

Hapo ndipo nilipokukumbuka ukimzunguka ndama wa ngamia bila kumtazama yeye, ukimtazama mamake. Tafauti ni kwamba wewe humgusa mnyama, kisha bei mkaizungumza kwa vidole chini ya shuka, siri yenu wawili na Mungu wenu; hawa hukaa mbali, wakaandika alama, na mapema Juni huwakusanya vijana mjini Buffalo, wakawapandisha baiskeli isiyokwenda popote na kuwaamuru waikanyage nusu dakika kwa nguvu zao zote, hata baadhi yao hutapika. Ngamia asingekubali.

Na pamoja na juhudi zote hizo, firasa yao huteleza kuliko viatu vyao. Mwaka 1998, Pavel Datsyuk wa Urusi aliachwa hadi nafasi ya 171, ndipo Detroit wakamchukua kwa shauri la Håkan Andersson, Mswidi mwenye jicho ambalo wewe ungelikodi. Mwaka uliofuata akawaonesha Henrik Zetterberg, aliyepatikana nafasi ya 210. Wote wawili walilishika kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, mwaka 2008. Ila ninayempenda zaidi ni Taro Tsujimoto, aliyechaguliwa na timu ya Buffalo mwaka 1974, nafasi ya 183. Punch Imlach, meneja wao, alikuwa amechoshwa na uteuzi uliofanywa kwa simu na kuendelea bila kikomo, akataja Mjapani huyo wa timu ya Tokyo Katanas, na ligi ikamwandika rasmi. Haukupita muda mrefu ikadhihirika kwamba si mchezaji wala timu yake iliyopata kuwako duniani.

Msidhani Kenya haimo. Vijana wa timu ya hoki ya Ice Lions, wanaofanya mazoezi katika hoteli ya Panari, Nairobi, waliletwa Kanada mwaka 2018 wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, ambao wote ni wa kitongoji kimoja, Cole Harbour, na kila mmoja alichaguliwa wa kwanza katika mwaka wake.

Ama kuhusu mwanao, ambaye waniarifu kwamba sasa huinama kila aingiapo mlangoni, nilimwonesha mzee picha yake. Aliitazama kwa tuo, akauliza urefu wako wewe, nikaukadiria kwa ukarimu. Nilipomwambia kwamba kijana hajakanyaga barafu tangu azaliwe, ilhali wa huku huanza wakiwa na miaka minne, alinyamaza kitambo, kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari akaandika jina lake, akisema kwamba Buffalo walimchagua asiyekuwako, na huyu angalau yuko. Basi nijulishe kipimo cha miguu yake.