Pangani kwa Ratiba

Miongoni mwa starehe ambazo binadamu hulipiwa au hujilipia, sijui kama iko iliyo ngeni kwa watu wa rika langu kuliko ile ya kuongozwa katika njia uliyoijua tangu utotoni. Maana mgeni aongozwapo hana la kupoteza ila ujinga wake, bali mwenyeji aongozwapo hana budi kunyamaza akielezwa, kwa adabu nyingi na kwa sauti ya juu, kwamba bahari iko upande wa kushoto. Mimi ni mtu wa Tanga, na marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Tanga, na njia ya Pangani, yapata kilomita 50, nimeipita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa lori la katani, na kwa basi lililopakia kuku na abiria pasipo kubagua. Walakini mpwa wangu, ambaye riziki yake iko Maskati, aliona katika simu yake tangazo la kampuni moja inayowachukua watu kwa pikipiki kutoka Tanga hadi Pangani na kuwarejesha siku hiyo hiyo, kiongozi na chakula vikiwa ndani ya malipo, akaona hakuna hidaya iwafaayo wazee wawili kuliko hiyo. "Mjomba, nimekwisha lipa," alinipigia simu kunambia, "wewe na shemejio kazi yenu ni kukaa tu."

Shemeji yangu huyo alikuwa karani wa forodha hata alipostaafu, na ni mtu mpana wa mwili na mwembamba wa maneno, asiyeamini jambo mpaka alione limeandikwa. Kwa hiyo alifurahi sana kuona kwamba safari yetu ilikuwa na ratiba: karatasi moja iliyopigwa chapa pande zote mbili, ambayo kiongozi, kijana mstaarabu aliyetuamkia shikamoo kila tuliposimama kana kwamba kila kituo kilikuwa siku mpya, alitusomea barazani kwangu kwa taadhima ya mtu asomaye wasia. Saa moja kamili kuondoka. Saa mbili Tongoni, magofu, dakika 40. Saa tatu na nusu Kigombe, wavuvi. Saa tano mahali pa kupiga picha. Saa sita Pangani, mji wa kale na chakula. Saa nane kuvuka mto. Saa tisa kuogelea kwa hiari. Saa kumi na mbili machweo ya jua Raskazone. Shemeji aliuliza kama hiari hiyo ilikuwa ya msafiri au ya kampuni, na alipojibiwa kuwa ni ya msafiri akatoa kalamu akaliandika jawabu pembeni.

Mashaka yalianzia katika kanzu. Shemeji hatoki nje ya mji ila amevaa kanzu, na kanzu, pamoja na sitara yake yote, haikushonwa kwa ajili ya mtu wa kutanua miguu. Kijana wa pili, aliyepangiwa kumchukua, alitoa rai kwa heshima kwamba mzee akae upande, kama wakaavyo kina mama waendao arusini. Mzee akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani, akatoka na kanzu imekunjwa na kufungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na chini yake suruali yangu ya kulalia yenye mistari, ambayo mke wangu alimpa pasipo idhini yangu kwa kuwa ni kaka yake. Juu ya hayo akavishwa kizibao cha kung'aa, na juu ya kofia yake ya viua akabandikwa kofia ngumu iliyokataa katakata kushuka chini ya masikio. Majirani walitoka. Sitaki kusema kwamba walicheka. Walitoka tu, wakakaa mabarazani, wakatutazama kwa utulivu mkubwa hata tulipotoweka.

Watangazao safari hizi hawasemi kwamba abiria wa pikipiki haoni mandhari, bali huona mgongo. Ule wa kiongozi wangu ninaweza kuueleza hata leo: kizibao cha rangi ya machungwa, kimeandikwa FUATA KIONGOZI kwa herufi kubwa, na mshono wa bega la kulia ulikuwa umefumuka ukashonwa tena kwa uzi wa kijani ambao, nadhani, ulimwishia mshonaji njiani, akaumalizia mweupe. Minazi ya Mwahako niliijua kwa vivuli vyake vilivyokuwa vikipita juu ya mgongo huo, na bahari niliijua kwa harufu.

Kiongozi wetu alikuwa na elimu, tena elimu ya kweli, wala simkejeli. Taabu yake ni kwamba aliitoa huku akiendesha, kichwa amekigeuza nusu, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Julai, pepo za kusi zilikuwa zikiyachukua maneno yake mengi na kuyapeleka Mombasa. Tulipofika Machui nilisikia "Shaaban Robert" na "1909" na "Vibambani," nikafahamu kwamba anaeleza mahali alipozaliwa mshairi, habari ambayo watoto wa Tanga huzaliwa nayo, nikatikisa kichwa kumwitikia. Nikasahau kwamba kichwa changu kilikuwa ndani ya kofia ngumu, na kofia yangu ikagonga yake kwa kishindo. Naye akadhani kuwa ninataka tusimame, akasimama. Tukasimama kando ya shamba la minazi ambalo halikuwamo katika ratiba, bibi mmoja akifua, mbuzi wake wakila, na nyuma yao maji ya bahari yakimeta. Na huo ndio ulikuwa wakati wa kwanza tangu tutoke mjini niliopata kuiona nchi.

Tongoni hatukufika saa mbili, wala hatukufika kwa magurudumu. Tairi ya nyuma ya pikipiki iliyombeba shemeji ilitoa pumzi yake yote karibu na njia panda ya kuendea magofu, na sehemu iliyosalia tulikwenda kwa miguu, vijana wakisukuma. Kiongozi alifungua mfuko wa zana, na hakika vilikuwamo vyote vitakiwavyo: pampu, viraka, msasa wa kukwaruzia tyubu, na kijirija cha solusheni, iliyokuwa imekauka ikawa jiwe. Kijana wa pili akatumwa kutafuta fundi pancha, nasi tukaachiwa magofu, si kwa dakika 40 zilizoandikwa, bali kwa asubuhi nzima.

Nimepita Tongoni tangu utoto wangu, na nadhani ndiyo siku niliyopaona. Msikiti wa matumbawe uliokwisha poteza paa lake. Makaburi ya karne ya 14 na ya 15, mengi yake yakiwa yamejengewa nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka zikalala ubavuni mwa wenyewe. Na katika nguzo hizo vishimo vya mviringo, mahali palipopachikwa mabakuli ya Kichina, ambayo watu wa zamani waliyaona yawafaa wafu wao, na watu wa baadaye wakayaona yafaa kabati zao. Na kiongozi, aliposimama juu ya miguu yake miwili bila upepo wala injini, alikuwa mtu mwingine. Alitueleza kwamba mahali hapo paliitwa Mtangata, na kwamba katika mafungu yaliyo mbele ya pwani hiyo ndipo merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipopanda mwamba mwezi wa Aprili mwaka 1498, ikakaa ikingoja maji yajae. Wenyeji walikwenda kwa vyombo vyao kuitazama, na chombo kimoja kilichukua machungwa, ambayo mwandishi wa safari ile aliyakiri kuwa bora kuliko ya Ureno. Mwaka uliofuata, wakirejea kutoka Bara Hindi, Wareno wakaichoma moto merikebu ile ile katika maji yale yale, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vitatu.

Shemeji alisikiliza yote haya akiwa ameketi juu ya ukuta mfupi, kofia ngumu i magotini. "Mreno huyo," akauliza, "alikuwa na kiongozi?"

"Wa kuaminika hakuwa naye, mzee. Huyo alimpata mbele, Malindi."

"Basi sisi tumemzidi," akasema, akiitazama tairi, "maana tumepanda mwamba na kiongozi wa kuaminika tunaye."

Hayajakwisha maneno hayo, akatokea bibi kizee na ungo wa machungwa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuita wanangu, tamko ambalo nadhani shemeji yangu hajaambiwa tangu azikwe mamake. Akayamenya mbele yetu kwa kisu kilicholiwa na tupa mpaka kikawa chembamba kama unyasi, ganda likishuka mkanda mmoja usiokatika, akakata kisahani cha juu na kutupa tufyonze. Nami sina mizani ya kuyapimia na ya Ureno, lakini mwandishi yule simwoni kuwa mwongo. Sikuthubutu kumwuliza bibi kama kwao waliwahi kuwa na mtumbwi.

Fundi alikuja, akaziba, akalipwa. Wakati wa kupanda tena, eksozi ya pikipiki yangu, ambayo kijana alikuwa ameiwasha mapema ili kuwahi ratiba, ilinilamba muundi kwa ulimi wa moto. Bibi akakata jani la shubiri, akanipaka utomvu wake, akasema wanangu nendeni salama. Tukaenda.

Kigombe tulikupita upesi, ijapokuwa ngalawa zilikuwa zimepwelewa mchangani na wavuvi wamekaa wakishona jarife zao, mandhari ambayo mtu angelipa fedha ayaone akiwa amesimama. Na hapo ndipo upepo uliponitenda vibaya kuliko mahali pote, maana kiongozi, akijaribu kuyafidia masaa yaliyopotea, aliziunganisha hadithi za vituo viwili katika pumzi moja. Nilivyosikia mimi ni kwamba samaki aitwaye silikanti, aliyedhaniwa na wataalamu wa dunia nzima kuwa ametoweka tangu zama za mijusi wakubwa, alifanya uasi dhidi ya Wadachi, akakamatwa, akanyongwa mjini Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na mwaka 2009 akatengewa hifadhi yake ya bahari. Niliitafakari habari hiyo kwa kilomita nyingi. Ilikuwa inastaajabisha, lakini si kuliko mambo mengine niliyopata kuyasikia juu ya Wadachi.

Mahali pa kupiga picha palikuwa kilima kidogo panapoonekana bahari yote, ila siku ile lori la katani lilikuwa limeharibika papo hapo, likasimama kati ya kilima na bahari. Kiongozi akatupiga picha mbele ya lori, kwa kuwa ratiba ilisema picha. Kisha akatueleza kwamba mkonge uliletwa na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, na kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilinusurika 62 tu. Dhuria ya miche hiyo 62, ikiwa imefungwa mitumba mitumba, ndiyo iliyotuzuia kuiona Bahari ya Hindi.

Pangani tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga saa tisa, saa ile ya hiari, na baada ya chakula kiongozi akatutembeza mjini kwa miguu. Ndipo nilipojua kwamba aliyenyongwa hakuwa samaki bali Bushiri bin Salim, na kwamba silikanti hana hatia. Nilifarijika, lakini kwa insafu niseme kwamba hadithi ya kwanza ilinipendeza zaidi.

Mto tuliuvuka kwa pantoni kwenda Bweni, pikipiki, magunia, wanafunzi na mbuzi wote pamoja. Kiongozi alikuwa ameishika ratiba mkononi, akihesabu yaliyopita na yaliyobaki, akaiteremsha kidogo ili anioneshe mdomo wa mto, na beberu mmoja aliyesimama nyuma yake akaipokea. Hakuinyakua, aliipokea taratibu, akaanza na machweo ya Raskazone, akapanda juu, na tulipofikia kati ya mto alikuwa amekwisha meza kuogelea pamoja na maandishi ya shemeji yangu pembeni. Kiongozi alibaki na kipande chenye jina la kampuni. Shemeji alimwendea mwenye mbuzi, akamwuliza kwa sauti ya ofisi kama mnyama huyo alilipiwa nauli. Mwenye mbuzi akajibu kuwa alilipiwa, tena risiti ilikuwapo, isipokuwa nayo ilikwisha liwa.

Sitachelewa katika yaliyofuata. Ng'ambo ya pili cheni ya pikipiki yangu ilikatika, na fundi wa Pangani akasema cheni ya kipimo kile ingepatikana kesho, inshallah. Tulirejea Tanga usiku juu ya lori la nazi, pikipiki zimefungwa kwa kamba nyuma yetu, na kutoka juu ya nazi zile, pasipo mgongo wa mtu mbele yangu, niliiona pwani yote kwa mbalamwezi, bahari ikiwa sasa upande wa kulia. Kiongozi hakusema neno. Badala yake shemeji ndiye aliyemweleza, kijiji kwa kijiji, ni nani aliyekuwa akivusha magendo wapi na mwaka gani, na jinsi alivyomkosa; na kijana yule, ambaye mchana kutwa alikuwa akieleza, akatoa kalamu akawa anaandika katika kiganja chake.

Kampuni haikukana deni. Kiongozi huja kwangu baada ya sala ya Ijumaa, huniamkia, hunywa kahawa, na hunikumbusha kwamba bado tunadai kuogelea kwa hiari na machweo ya Raskazone, ambayo ni mwendo mfupi kutoka barazani kwangu na jua huchwea huko kila siku pasipo malipo. Nimemwomba asubiri muundi upone, nao, alhamdulillahi, hauna haraka. Shemeji yangu hakungoja. Amenunua kofia ngumu ya kipimo cha kichwa chake, amempelekea fundi cherehani kanzu zake azipasue ubavuni, na juzi aliniletea ratiba ya safari ya Saadani aliyoiandika kwa hati yake ya forodha, ambamo saa tatu asubuhi, kati ya chai na magofu, ametenga nafasi ya pancha.