Mtumbwi Unapopita Juu ya Daraja

Kwa Mheshimiwa yeyote mwenye mamlaka juu ya madaraja ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, juma hili,

Utaniwia radhi kwa kutokutaja jina. Machi 2025 mji wa Walikale ulichukuliwa na waasi wa M23, Aprili wakaondoka. Nimeogopa kuandika jina juu ya bahasha, isije kabla wino haujakauka mwenye jina akawa keshahama.

Nakuandikia kushukuru. Daraja letu la zamani lilikuwa la magogo, limepinda mgongo kama kikongwe, lakini mpiga kasia alipita chini yake ameketi, mikungu ya ndizi mbele yake. Lori la maharagwe likalivunja. Mkatujengea jipya: mbao mpya, misumari mipya, utepe ukakatwa. Ila mto ulipimwa Julai, wakati hata kuku anavuka bila kulowa kifua. Basi mpiga kasia akawa anapita amelala chali, kasia kifuani, kama maiti anayejipeleka kaburini mwenyewe.

Ikaja Novemba. Vilima vya Masisi vilinyolewa msitu zamani vikawa malisho ya ng'ombe. Mvua ikinyesha haina cha kuizuia, inashuka na matope na visiki vyake. Leo mtumbwi unapita juu ya daraja. Juzi nilivuka. Chini ya makalio yangu nikasikia msumari ukikwaruza mtumbwi, krrr, na kijana wa kasia akacheka: "Mzee, sasa tuko katikati ya daraja." Akadai nauli yake. Ng'ambo, watu wa barieri, yaani kizuizi cha njiani, wakadai jetoni, kile kikaratasi cha kuonyesha umelipa ushuru wa daraja.

Tusijidharau, Mheshimiwa. Mombasa, mwaka 2021, walifungua daraja la miguu la Liwatoni, lililoelea majini na kujifungua meli ikija. Letu lina adabu kuliko hilo: likiona mtumbwi, linazama kabisa. Na Walikale imezoea maajabu. Kule Kilambo, ndege zilizofuata madini ya kasiterite zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara. Ndege barabarani, mtumbwi juu ya daraja. Aliyekosa pa kupita ni mwenye lori peke yake.

Nina ombi moja dogo. Safari hii msipime maji, pimeni matope. Kwenye mti ulio ukingoni pana mstari wa kahawia ulioachwa na mafuriko makubwa. Juu ya mstari huo ongezeni kimo cha mtu aliyeketi mtumbwini, na nafasi ya kisiki kupita. Hapo ndipo boriti ikae. Mstari wenyewe hata mama wauza mawese wanaujua, na kuwauliza hakuna jetoni.

Nangoja jibu. Ulilete mwenyewe, kwa mtumbwi. Ukisikia krrr, ujue umefika kwenye kazi yako.

Wako mtiifu,
Abiria wa juu ya daraja