Soseji ya Moshi Haitaki Papara

Msyuuu! Jamani, kuna watu wakipewa kitu kizuri lazima wakiharibu. Mtu kaletewa kiełbasa, ile soseji ya moshi na kitunguu saumu ya Poland, anaitosa kwenye maji yanayotokota mpaka inapasuka. Mafuta yanabaki sufuriani, kitunguu saumu nacho kinabaki humo humo. Halafu anaimwagia tomato sosi chupa nzima, anaonja, anakunja uso: "Mbona haina ladha?" Ladha si umeimwaga kwenye sinki, ndugu yangu!

Tuelewane kwanza. Hii ni kitimoto. Mwenye mwiko wake apite salama, hatugombani. Ila wewe unayekula, kula kwa adabu. Chukua mfano wa lisiecka, ya vijiji vya Liszki na Czernichów karibu na Kraków. Angalau asilimia 85 ni nyama ya paja, tena ya vipande vinavyoonekana kwa macho, siyo kusagwa ikawa uji. Inatiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, kisha inatundikwa kwenye moshi wa kuni. Tangu 2010 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Wenzako wamepigania jina, wewe unapigania tomato!

Soseji hiyo imeshaivia huko kwenye moshi, sasa unaichemshia nini? Kata vipande vinene, kula na mkate mweusi na matango ya chumvi. Ukiitaka ya moto, ichanje mishazari juu juu, iweke kwenye makaa yaliyopoa kidogo mpaka ngozi ijikunje na mafuta yaanze kuchuruzika. Pembeni weka haradali, au chrzan, mzizi wa kukuna unaopanda puani hadi machozi yakutoke.

Kraków nako walikuwa na kijiwe chao. Nje ya soko la Hala Targowa, gari bluu aina ya Nysa lilianza 1991 kuchoma soseji usiku kwa moto wa kuni. Mteja alikuwa anapewa soseji, mkate na haradali, anakula kasimama. Na Jumamosi Kuu, kuamkia Pasaka, Wapolandi huitia soseji kikapuni pamoja na mayai, mkate na chumvi, wakaipeleka kanisani ibarikiwe. Kitu cha kubarikiwa na padri, wewe unakizamisha kwenye sosi. Kha!

Ushauri wa bure: moto mdogo, haradali kidogo, na hiyo chupa ya tomato irudishe kabatini.