Bata wa Chogo

Mgongo unaniuma, na wa kulaumiwa ni bata. Jumamosi nilijitia kimbelembele kuwaonyesha watoto wa mtaa wetu gemu za utoto wetu, wazicheze kwa mikono yao. Meza tatu chini ya mwembe, umeme wa kuvuta dirishani kwa jirani, na mashine ya kaseti za njano, ile ya kuiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983.

Nyumbani ninayo televisheni bapa, nyepesi kama sinia. Lakini bunduki ya Duck Hunt, gemu ya mwaka 1984, haielewani nayo. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi, kisha pale alipo bata panawaka mraba mweupe, fyaa! Jicho lililo ndani ya mtutu likiuona ule mwanga, bata kafa. Televisheni bapa huchelewa kidogo tu, basi bata wote wanaishi milele. Ikabidi nikaazime televisheni ya chogo, ile nene ya zamani, ya shemeji. Chogo ya inchi 21 haibebwi, inasomewa dua.

Mtoto wa kwanza akaja: "Shikamoo babu." Nina miaka 44. Akaanza kumpapasa bata kwa kidole, kama simu. Nilipompa bunduki, akauliza inachajiwa wapi.

Mara kaseti ikagoma. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka, ikakubali. Watoto wakapiga makofi kama nimefanya kiinimacho. Sikuwaambia kwamba pumzi haisaidii kitu, mate yanaozesha vyuma vyake, na dawa ni kule kuchomoa na kuchomeka tu. Mganga hatoi siri.

Balaa likawa akina baba. Walikuja kuchukua watoto, wakaiona gemu ya Contra. Basi! Kila mmoja "raundi moja tu, nimwonyeshe mwanangu", na huyo mwanawe kakaa juu ya kreti la soda, anatazama kitambi kikikwepa risasi. Saa nzima. Nikawatimua, halafu nikasema ngoja na mimi nijaribu ile bunduki kidogo. Risasi tatu, bata akaenda zake. Mbwa akachomoza nyasini, akanicheka. Watoto nao wakamsaidia.

Mwezi ujao tunarudia, wameomba wenyewe. Mwenye chogo inayowaka ailete, kwa mgongo wake. Na akina baba njooni na mikeka ya kukalia. Pedi hampati.