Hoja ya Wateja Wengi

Hapa Turbo, kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye, ambako mahindi hukomaa kwa miezi mingi, vijana wa bodaboda wamebashiriwa na matangazo ya Aviator, mchezo wa kamari wa kindege cha simuni, kwamba utajiri hupaa kwa nukta chache. Na ukimuuliza mtetezi wa matangazo hayo uhalali wake, atakujibu, kwa adabu kamili, kwamba wateja ni wengi mno. Hoja maridhawa! Kwa kadiri hiyo chang'aa nayo yastahili nishani ya taifa. Hata Bodi ya serikali iliyosimamia kamari wakati huo, ilipoyasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 tarehe 29 Aprili 2025, ililalamika kwamba kamari imevishwa kanzu ya uwekezaji. Kanzu, nadhani, iliyoshonwa kwa fedha ya mbolea ya mahindi hayo.